Kwa Wajapani, mimi naagiza supu

Ukimwambia mtu wa Lubumbashi kwamba leo unaenda kula chakula cha Kijapani, kitu cha kwanza atakachoangalia ni viatu vyako. Kichwani mwake tayari anaona hoteli ya katikati ya mji, kiyoyozi, mabwana wa shaba na kobalti wanaosaini bili bila kuisoma, na sushi zilizopangwa juu ya ubao mweusi. Ndivyo chakula hicho kilivyotufikia, kikiwa chakula cha wakubwa, na bei yake imebaki hukohuko juu. Kwa pesa ya sahani moja ya namna hiyo, kuna nyumba pale Katuba zinazonunua unga wa wiki.

Sina ugomvi na sushi. Lakini tuko katikati ya bara. Uelekee bahari ya Hindi au uelekee Atlantiki, utapita zaidi ya kilomita 1,000 kabla ya kuona wimbi. Samaki wa kuliwa mbichi anatufikia akiwa barafu, amebadilishwa lori, amelala mpakani Kasumbalesa, na akifika anakuta umeme unakatika. Mimi samaki wa safari hiyo namtaka apite motoni kwanza.

Chakula cha Kijapani kinachoufaa mji huu ni kile wanachokula Wajapani wenyewe mchana wa siku ya kazi, wakiwa na haraka na pesa kidogo mfukoni. Na juu ya vyote naweka rameni: tambi za ngano ndani ya supu ya moto, kipande cha nyama, yai, majani ya kitunguu. Ni chakula cha mji wa wafanyakazi, na sisi tuna haki nacho kuliko tunavyodhani.

Umri wenyewe unalingana. Mwaka 1910 reli kutoka Rhodesia ilifika hapa na mji wetu ukaanza, kwa jina la Elisabethville. Mwaka huohuo, Tokyo, katika mtaa wa Asakusa, Ozaki Kan'ichi, mtu aliyewahi kufanya kazi ya forodha, alifungua mgahawa ulioitwa Rairaiken. Aliwaajiri wapishi wa Kichina kutoka Yokohama, ile bandari ambako Wachina walikuwa wamejenga mtaa wao. Wapishi hao walileta tambi zao, wakaziweka kwenye supu iliyokolezwa kwa sosi ya soya ambayo ulimi wa Tokyo uliijua. Asakusa ilikuwa mtaa wa sinema, maduka na vibarua. Watu walikula upesi wakaenda. Rairaiken haikuwa ya kwanza kabisa kuuza tambi za Kichina Japani, ila ndiyo iliyovuta umati na kuwafanya wengine waige.

Hapa kwetu, watu waliokuja kuchimba na kuyeyusha shaba walitoka Kasai, Luapula, Rhodesia, hata Rwanda, na Union Minière, kampuni ya machimbo, iliwalisha kwa posho. Posho hiyo ilikuwa unga wa mahindi, na mwingi wake uliletwa kwa treni kutoka Rhodesia. Kuna familia hapa ambazo babu zao walikula muhogo au mtama, na leo mtoto wao asipoona bukari, yaani ugali, ya mahindi mezani anasema hajala. Tambi za rameni zina historia ya namna hiyo. Baada ya kushindwa vita mwaka 1945, Japani ilikuwa na njaa, mchele haukutosha, na unga wa ngano wa Marekani ukaingia kwa wingi. Walanguzi wakaupitisha sokoni kwa njia za giza, wanajeshi waliorudi bila kazi wakasukuma mikokoteni usiku wakiuza tambi na supu. Chakula cha Wachina wa bandarini, kwa unga wa Mmarekani, kikawa chakula cha Mjapani. Mtu yeyote aliyekulia mtaa wetu wa Kamalondo, kati ya majirani wa makabila kumi, hawezi kukishangaa.

Andō Momofuku, aliyezaliwa Taiwan mwaka huohuo wa 1910, alikuwa ameona foleni ya watu mjini Osaka wakisimama kwenye baridi kungoja bakuli. Mwaka 1958 akatoa tambi za kwanza za papo kwa papo, zilizokaangwa tayari: mafuta ya moto yanatoa maji yote ndani ya tambi na kuacha vitundu vidogo, na maji ya moto yakimiminwa yanarudi humohumo. Uzao wa tambi hizo leo uko kila kioski cha Ruashi na Kampemba, ndani ya pakiti, na watoto wa shule wanazitafuna kavu njiani. Kwa hiyo tumekuwa tukila tawi la mti huu kwa miaka mingi. Shina ndilo hatujakaribia.

Mimi nilikaribia Paris, nilipomtembelea yaya, ndugu yangu mkubwa. Kuna barabara inaitwa Rue Sainte-Anne, si mbali na Opéra, ambako migahawa ya Kijapani imepangana mlango kwa mlango. Si ya kifahari. Vyumba ni vyembamba, vioo vimejaa mvuke, na nje kuna foleni hata kama ni saa tisa. Ndani tulikaa kwenye meza ndefu iliyotazama jiko, mgongo kwa watu, uso kwa mpishi. Nikaanza kumsimulia yaya habari za nyumbani. Akanikata: “Kwanza kula. Utaongea nje. Tambi zinalegea.”

Alikuwa na haki. Tambi za rameni haziachi kuiva zikishafika mezani, zinaendelea kunywa supu. Unazo dakika chache. Ndiyo maana watu wanazivuta kwa pumzi, kwa sauti, bila aibu: hewa inayoingia pamoja nazo inapoza ulimi na kupeleka harufu puani. Kwetu mtoto angepigwa kofi kwa sauti ile. Pale, mzee aliyevaa suti kando yangu alikuwa anavuta kuliko mimi.

Kilichonigusa zaidi si ladha, ingawa ladha ilinikaa mwilini jioni nzima. Ni kwamba nusu ya watu waliokuwa wamekaa pale walikuja peke yao, na wengi walikuwa wanawake. Siku za mwisho za safari, yaya akiwa kazini, nilirudi peke yangu. Nikala, nikalipa, nikatoka. Hakuna aliyeniuliza kitu. Hapa Lubumbashi, mwanamke akikaa peke yake mgahawani, mhudumu anakuja na kadi mbili za chakula na kuuliza: “Mama, unangoja nani?” Ukisema humngoji mtu, anakuangalia kama uliyeachwa. Meza ya pili inaanza kukutumia bia. Nimelipwa mshahara wangu, nina njaa yangu, nataka kukaa na bakuli langu robo saa na kwenda zangu. Jambo dogo hilo, ile meza ndefu ya kutazama jiko inakupa bila mabishano, kwa sababu kiti chenyewe kimetengenezwa kwa mtu mmoja. Fukuoka kuna hata mgahawa mkubwa uliofanya jina kwa kuweka vibao kati ya mlaji na mlaji, usione mtu wala usionwe. Kwangu mimi hiyo imezidi, napenda kuona sura ya anayenipikia. Lakini ninaelewa waliolianzisha walikuwa wanalinda nini.

Nikimtaja mpishi, namaanisha kazi yake hasa. Bakuli la rameni halipikwi chunguni, linajengwa mbele yako. Chini kabisa anaweka kikolezo kizito, wao wanaita tare: soya, au chumvi, au miso, ambayo ni soya iliyochachushwa. Chumvi yote iko humo. Supu inayomiminwa juu, iliyochemka tangu usiku, mara nyingi haina chumvi kabisa. Kisha mafuta yenye harufu, yanayoelea juu na kuuzuia moto usitoke. Kisha tambi, zilizokung'utwa maji kwa mkono wenye nguvu ili zisiipunguze supu. Nyama na yai mwisho. Yote haya kwa muda usiozidi dakika moja, baada ya kazi ya usiku mzima.

Supu ndiyo inayogawa nchi yao. Kusini, Kyushu, wanachemsha mifupa ya nguruwe kwa moto mkali saa nyingi, mpaka uboho na mafuta vinachanganyika na maji na supu inakuwa nyeupe kama maziwa. Pale Nagahama, mtaa wa soko la samaki mjini Fukuoka, wanaume wa soko hawakuwa na muda, kwa hiyo tambi zikafanywa nyembamba sana ziive kwa sekunde, na anayetaka kushiba anaita nyongeza ya tambi ndani ya supu ileile. Kaskazini, Sapporo, kwenye theluji, ni miso na mafuta mengi. Kitakata, mji mdogo wa Fukushima, watu wanakula rameni asubuhi kabla ya kazi. Tokyo ya zamani ilibaki na supu nyepesi ya kuku na soya, na humo wakaongeza harufu ya samaki wadogo waliokaushwa.

Samaki wadogo waliokaushwa. Niliposoma hilo mara ya kwanza niliacha nikaenda kufungua kabati la jikoni. Wao wanawaita niboshi, dagaa wa baharini waliochemshwa kidogo na kuanikwa. Sisi tuna ndakala, dagaa wa ziwa Tanganyika, wanaoshuka kutoka Kalemie na Moba na kujaa mafungu kwenye soko la Mzee. Tangu hapo nimeacha kuamini kwamba rameni ni chakula kisichowezekana hapa.

Na tambi pia. Rangi ya manjano na ule mnato wa rameni havitokani na yai. Vinatokana na maji ya magadi, kansui kwa jina lao, yaani kaboneti ya sodiamu na ya potasiamu zilizoyeyushwa. Magadi yanaukaza unga wa ngano, tambi inakuwa na mvuto na haisagiki ndani ya supu. Wachina wa kaskazini-magharibi walikuwa wanapata kitu hicho kutoka majivu ya mmea wa jangwani. Mama zetu wa Katanga wanaijua kemia hiyo bila kuiita kemia: kikanda, ile inayotengenezwa kwa viazi vya okidi na karanga, haishikani bila magadi au maji ya majivu, na majivu ya kuni yamejaa hiyohiyo kaboneti ya potasiamu.

Sasa niseme juu ya mabakuli niliyoletewa hapa mjini. Nimekula “rameni” kwenye mgahawa mmoja wenye taa nzuri na muziki wa chini, ambako supu ilikuwa maji ya moto yenye kyubu, tambi zilikuwa spageti iliyobaki mchana, na juu yake wameweka ufuta ili picha ipendeze. Bei ilikuwa ya nyama choma ya watu watatu. Nilimuuliza kijana mhudumu, kwa upole, kama supu inapikwa hapo. Akajibu: “Yaya, supu ni supu.” Simlaumu yeye. Namlaumu aliyeandika neno lile kwenye kadi akijua kwamba hatujui, na kwamba hatutauliza.

Tuulize. Maswali yanayonisaidia ni mawili tu. Mifupa gani, na imechemka tangu saa ngapi? Mpishi mwenye supu ya kweli anafurahi kuulizwa, anaweza hata kukutolea kijiko uonje. Asiye nayo anatoa macho. Nikitolewa macho, nachukua wali wa kari. Kari ya Kijapani ilifika kwao kutoka kwa Waingereza karne ya 19, ni nzito, tamu kidogo, na ni vigumu kuiharibu. Au gyoza, zile sambusa ndogo za nyama zinazokaangwa upande mmoja tu, ambazo zilienea Japani baada ya Wajapani kurudi kutoka Manchuria vita vilipokwisha. Au wali uliofunikwa nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba na vitunguu, sahani ambayo Yoshinoya ilianza kuwauzia watu wa soko la samaki la Tokyo mwaka 1899. Wali, mchuzi, nyama. Hakuna Mlushois, mtu wa Lubumbashi, atakayekosa njia hapo.

Kwa tambi zenyewe, ushauri wangu utawaudhi wapenzi wa vitu vya Kijapani: nenda kwanza kwa Wachina. Machimbo yamewaleta Wachina wengi hapa, na nyuma yao wamekuja wapishi wa kuwalisha. Migahawa yao mingine haina hata kibao kwa lugha yetu. Mmoja ninaoujua, mpishi anakanda unga asubuhi, anaupumzisha, kisha anauvuta kwa mikono na kuukunja, kuvuta na kukunja, mpaka donge moja linakuwa nyuzi. Wateja ni madereva na mafundi, wanakula wakiwa na kofia za kazi, dakika kumi na wametoka. Sio rameni. Lakini Ozaki Kan'ichi alipotaka kuanza, aliwaendea watu wa namna hii hasa, na mimi nikikaa pale nadhani niko karibu zaidi na Asakusa ya 1910 kuliko nikikaa chini ya taa nzuri.

Wajapani wenyewe tuliwahi kuwa nao. Miaka ya 1970 kampuni yao ya madini ilichimba shaba Musoshi, kando ya mpaka wa Zambia, na wafanyakazi kutoka Japani waliishi huko hadi kampuni ilipoondoka miaka ya 1980. Waliacha mgodi. Mgahawa hawakuacha.

Nyumbani kwangu napika hivi. Mifupa na miguu ya kuku, ile ambayo wengi wanaitupa, naichemsha mara moja, namwaga maji machafu, naiosha, kisha naianza upya kwa moto mdogo na kitunguu, tangawizi na kitunguu saumu. Saa nne zinatosha kwa supu nyepesi. Nimechagua supu hii ya Tokyo na si ile nyeupe ya nguruwe kwa sababu ya makala, yaani makaa: kuchemsha saa 12 juu ya mbabula, jiko la makaa, kunakula mengi, na umeme haukuahidi mtu kitu. Tena kuku analiwa na wote, mkristo na mwislamu wanakaa bakuli moja.

Ndakala nawatoa kichwa na tumbo, kwa sababu humo ndimo uchungu ulimo, nawasuuza mchanga, nawalaza kwenye maji baridi usiku kucha. Asubuhi nayapasha moto polepole, nayaondoa kabla hayajachemka sana, nachuja, nachanganya na supu ya kuku. Ladha inayotokea si ya samaki wala ya kuku. Ikeda Kikunae, mwanakemia wa Tokyo, aligundua mwaka 1908 kwamba utamu wa supu ya mwani unatokana na glutameti. Baadaye wenzake wakaonyesha kwamba samaki mkavu ana kitu kingine, inosineti, na kwamba viwili hivyo vikikutana ladha inaongezeka kupita jumla yao. Mwani sina. Glutameti naipata kwenye soya iliyo kwenye kikolezo na nyanya niliyoikausha juani. Msimu wa mvua ukiwa umepita na nikapata bowa waliokaushwa, uyoga wetu wa porini, natia wachache pia, kwa sababu Wajapani nao wanatia uyoga mkavu.

Tambi ni spageti nyembamba, ila kwenye maji yanayochemka natia bikaboneti, kijiko kimoja kikubwa kwa lita. Sufuria iwe kubwa, maana maji yatapanda na povu. Spageti inageuka, inakuwa ya manjano na ya kuvutika, na harufu yake inabadilika. Yai linataka uangalifu. Vitabu vinasema dakika sita na nusu ili kiini kibaki laini, lakini vimeandikwa na watu wa pwani. Sisi tuko kwenye mita 1,200 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 96, kwa hiyo naongeza dakika moja. Kisha namenya na kulilaza kwenye soya na maji mpaka kesho.

Bado si bakuli la Rue Sainte-Anne. Kikolezo changu kinahitaji soya nzuri zaidi ya ile inayouzwa kwenye chupa za plastiki. Lakini majirani waliokula walirudisha bakuli tupu, na mmoja, mwalimu mstaafu, alivuta tambi kwa sauti bila mtu kumwambia.

Japani migahawa mingi ya rameni ina watu wawili jikoni, chakula kimoja, na supu ikiisha mlango unafungwa hata kama jua bado liko juu. Kwa miaka mingi wamepigania pia bei: bakuli likivuka yeni 1,000 wateja wanalalamika, na wenye migahawa wadogo wanaumia unga na mifupa vikipanda. Yamagishi Kazuo, aliyeeneza tambi za kuchovya tangu mwaka 1955, aliwafundisha vijana wengi mapishi yake bila kuyaficha, wakaenda kufungua ya kwao. Mfumo huo mimi ninauona ukisimama Kamalondo kesho asubuhi. Haudai kiyoyozi. Unadai ubao mrefu, viti vya mtu mmojamoja na chungu.

Nimeanza kuzungumza na mama mmoja anayechoma kuku jioni pale, ambaye mifupa na miguu inambakia kila siku. Alinisikiliza akiwa anageuza nyama. Akauliza mambo ya mtu wa biashara: makala kiasi gani, tambi za nani, mteja atakula asimame au akae. Nikamwambia akae, peke yake akitaka, hasa kama ni mwanamke. Akasema: “Mtoto wangu, lete ndakala wako Jumamosi, nitatoa mifupa. Lakini bei nitaisema mimi.”